Mkaza Mwanangu na Ndoano

Ninyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kidogo. Najua mnajifunza kuvua kwa kutazama video. Mtu amevaa kofia na buti, anatupa uzi, anavuta samaki mkubwa kama mtoto wa kubebwa, anacheka, imeisha. Zile siku alizorudi nyumbani na fimbo peke yake hamuonyeshwi. Mimi nitawaonyesha hizo. Shule niliiacha mapema, lakini ziwa hili limenilea, na katika maisha yangu nimemfundisha kuvua mtu mmoja tu, mke wa mwanangu. Makosa yote ya mtu anayeanza aliyafanya yeye, hakuacha hata moja. Kwa hiyo ninyi hamna sababu ya kuyarudia.

Naandika kwa Kiswahili kwa ajili yake pia. Yeye ni mtu wa milimani, kule kwenye chai na ukungu, na alipokuja kwetu Usenge hakujua Kijaluo zaidi ya salamu. Boma zima tukaanza kusema Kiswahili, kizima na kilichovunjika, hadi kuku wakakizoea.

Alikuja msimu wa mvua, na watoto wake na magunia ya nguo. Mwanangu tulikuwa tumeshamzika. Walikuwa wakiishi mjini, mtaa wa Nyalenda, yeye akiuza mitumba kando ya barabara, na kibanda chake kikabomolewa pamoja na vya wenzake. Sikumuuliza atakaa mpaka lini. Nilimwonyesha nyumba ya mwanangu, nikamwonyesha pa kuteka maji, nikamwambia jogoo yule ni mkali, basi.

Nikiikumbuka miezi ile ni kama naitazama kupitia maji. Asubuhi ziwa halikuwa na mwisho. Lilikuwa rangi moja na mbingu, na mashua za omena, wale dagaa wetu, zikirudi zilionekana kama zinashuka kutoka juu. Siku nyingine wadudu wa ziwani waliinuka kwa mbali kama moshi wa nyumba kubwa inayoungua bila sauti. Mkaza mwanangu alisimama mlangoni na kikombe chake akitazama tu, chai inapoa.

"Mama," aliniambia siku moja, "kwetu ukitazama mbele unaona mlima, macho yanapumzika. Hapa macho yanaenda, hayarudi."

"Yafunge basi," nikamwambia, "uje uchambue mboga."

Alianza na omena, kama wanawake wengi wa ufuoni. Unangoja mashua, unanunua, unaanika kwenye neti juu ya mchanga, unauza. Kulikuwa na mwenye mashua mmoja aliyempimia vizuri sana. Niliona beseni lake linajaa kuliko la wengine, na sikupenda. Baadaye mtu yule akaanza kumruka. Wote wanauziwa, yeye anaambiwa omena wameisha. Mwishowe akamwambia wazi, wenzake wakicheka, kwamba samaki wapo, ila mwanamke asiye na bwana lazima asikilizane na mwenye mashua. Huku kwetu mambo hayo yana jina, yanaitwa jaboya. Mwanamke anapewa samaki na mvuvi, na mvuvi anapewa mwanamke. Nimezika marafiki zangu kwa sababu ya neno hilo. Sitalieleza zaidi.

Siku ile alirudi na beseni tupu. Akakaa nyuma ya nyumba akalisugua kwa majivu. Halikuwa na uchafu wowote. Alisugua, akasuuza, akasugua tena. Nilimtazama kutoka jikoni mpaka uji ukaungua.

"Umepewa nini?" nikamuuliza.

"Sikupewa kitu, Mama."

"Na umetoa nini?"

Akaniangalia machoni. "Sikutoa kitu."

"Basi kesho usiende kwenye mashua. Kesho tunaenda na ndoano."

"Mimi sijui kuvua."

"Najua hujui. Ndiyo maana tunaenda."

Jambo lenyewe lilikuwa hilo, na sote wawili tulilijua. Akiijua ndoano, watoto watakula, kidogo kitauzwa, na hatasimama tena mbele ya mwanaume yule na beseni. Asipoijua, njaa itamrudisha pale pale. Mashua hatukuweza kuzifikiria. Mashua zina wenyewe, na bado wapo wazee huku wanaosema mwanamke akipanda samaki wanakimbia. Lakini samaki wa ukingoni hana mwenyewe. Bibi yangu mimi alivua kwa kikapu, amesimama ndani ya maji hadi kiunoni, nguo zikimzunguka juu ya maji kama ua lililofunguka. Nilimwona kwa macho yangu. Mpaka leo huja nikisinzia.

Kosa la kwanza lilifanyika dukani. Mkaza mwanangu alirudi na ndoano kubwa ya mbuta, yule sangara mkubwa kuliko samaki wote wa ziwa hili. "Nimechukua kubwa, Mama, tupate kubwa."

Mke mwenzangu, tuliyeolewa naye na mzee mmoja, sasa marehemu, na tukabaki pamoja boma moja, alicheka hadi akashika ukuta. "Hiyo ni ya kuning'inizia nyama buchani, nyathina! Mtoto wangu, umetumwa samaki au ng'ombe?"

Sisi tulitaka ngege, na ngege ana mdomo mdogo, kama mtu anayekunywa chai ya moto. Ndoano kubwa anaitazama, anaizunguka, anaenda zake. Alirudishwa dukani. Fimbo tukakata wenyewe, uzi ukawa wa nailoni, na kwa kitu cha kuelea nikachukua patipati moja nyekundu, ndala ya mpira iliyokuwa mlangoni, imekatika ukanda, nikakata kipande.

"Nani amekula patipati yangu?" mke mwenzangu alipiga kelele asubuhi.

"Ziwa," nikamwambia.

"Ziwa lina miguu siku hizi?"

"Lina mmoja."

Siku ya kwanza hatukupata kitu. Mkaza mwanangu alikuwa amejipaka mafuta yanayonukia maua, kama anaenda kanisani, na nyungunyungu alimshika kwa ncha za vidole huku amegeuza uso. Kila chambo alichokigusa kilirudi kizima. Nikamwambia, "Wewe ukipewa ugali unaonuka sabuni utakula?" Nikamtuma akande matope ya ukingoni mpaka mikono inuke ziwa. Alikanda huku anakunja pua. Nami nikajifanya sioni.

Halafu alitupa mbali. Kila mtu anayeanza anaamini samaki wako mbali. Alirusha uzi kwa nguvu hadi fimbo ikalia hewani, akatazama katikati ya ziwa kama anangoja meli. Ngege hawakuwa huko. Walikuwa karibu na mafunjo, kwenye kivuli cha mashina, wanakula vitu vidogo vidogo, pengine wanatusikiliza. Na alitembea kwa kukanyaga, kama mtu anayepanda mlima. Udongo wa ukingoni ni kama ngozi ya ngoma, ukikanyaga wewe, aliye chini ya maji anasikia.

Tena kuna jua. Huku kwetu jua la asubuhi linatoka nchi kavu, mgongoni mwako. Ukisimama wima, kivuli kinaingia majini kabla yako, kirefu kama mti wa stima, na samaki wote wanajua umefika. Asubuhi kaa chini. Jioni ndiyo rahisi zaidi, jua liko mbele, kivuli kimelala nyuma yako kwenye nyasi.

Basi tukawa tunaenda jioni. Tulikaa bila kusema. Maji yalikuwa kama kitu kinacholala macho wazi. Yale magugu maji yalisogea mbele yetu bila sauti, shamba zima la majani na maua ya zambarau linapita, na juu yake ndege mrefu amesimama kwa mguu mmoja, anasafirishwa. Siku moja shamba lile lilikuja likakaa ukingoni mbele yetu. Mkaza mwanangu akaona ni nchi kavu, akainua mguu ili avuke akatupe uzi upande wa pili. Nikamshika nguo kwa nyuma.

"Hapo chini hakuna chini," nikamwambia.

Akaurudisha mguu, akaliangalia lile shamba. Tulipoondoka lilikuwa limeshaenda, na ndege wake.

Lakini lililomtesa kuliko yote ni mkono. Kile kipande chekundu kikitetemeka kidogo tu, yeye anavuta. Uzi unaruka juu, chambo hakipo. Tena, na tena. Wale ni fulu, samaki wadogo, wanadonoa kama kuku. Ukivuta kwa ajili ya fulu, ngege uliyemngojea anaondoka.

"Kikitetemeka, nyamaza," nikamwambia. "Kikilala, nyamaza. Kikianza kuondoka polepole kwenda upande, kama mtu anayewaaga wageni hataki wamwone, hapo sasa inua."

"Nitajuaje ndicho?"

"Utajua."

"Mama, hilo si jibu."

"Ndilo nililopewa mimi."

Akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mazishi. Kicheko kilitembea juu ya maji kikarudi, na hakuna samaki aliyeuma jioni ile. Sikumgombeza.

Watoto wakati huo walikula mboga na ugali, na mdogo alishaanza kuuliza mbona tunaishi ziwani na hatuli samaki. Mama yake alimwambia ngoja. Mtoto akaniuliza mimi. Nami nikamwambia ngoja.

Jioni moja alitangulia peke yake. Mimi nilifuata baadaye na fimbo yangu ya kutembelea, jua likiwa limeshakuwa jekundu na kubwa. Nikamwona kutoka mbali. Alikuwa amefanya kila kitu nilichomwambia. Amekaa chini, mikono ina matope, uzi uko karibu na mafunjo, ametulia kama kinu. Moyo wangu ukafurahi, halafu nikaona mahali alipokaa.

Alikuwa amepata mahali pazuri. Mafunjo yalikuwa yamefunguka kushoto na kulia, udongo umelainika, mteremko unaingia majini taratibu, hakuna hata jani limelala chini. Kama mtu amefagia. Mtu aliyezaliwa huku akiona mahali kama hapo anarudi nyuma kabla hajajua kwa nini. Mtu wa milimani, ambaye kwao njia iliyokanyagwa vizuri ni njia ya watu, anaona uwanja.

Nikamkaribia kutoka pembeni. "Nani alikufagilia hapo?" nikauliza kwa sauti ya chini.

"Nimepakuta hivi, Mama. Pazuri, sivyo?"

"Pazuri. Ni mlango wa kiboko."

Alianza kutabasamu, akidhani ninamtania. Halafu tukasikia pumzi. Ilitoka majini, karibu, nzito na ya taratibu, kama mzee anayejiandaa kuinuka kwenye kiti. Masikio madogo yalitokea, yakatikisika, yakabaki. Kila jioni huyo hutoka kwenda kula nyasi, na ana mlango mmoja, na anayekaa kwenye mlango wake haulizwi jina.

Wakati ule ule kile kipande chekundu kikaanza kuondoka. Polepole, kwenda upande. Tulikiona sote wawili.

"Mama," akasema kwa kinywa kisichofunguka, "anaaga wageni."

"Acha fimbo. Inuka pole pole, njoo huku kwangu. Usikimbie."

"Ameshika, Mama. Ameshika kweli."

"Nimesema acha."

Mkono wake haukuachia. Nilijua ameshika nini pale. Hakushika ngege. Alishika siku ambazo hatakwenda kusimama kwenye mashua. Kama ningeweza kumwachia aishike, ningemwachia. Yale masikio yakasogea, maji yakafanya mkunjo, na mkono wake ukafunguka.

Tuliingia ndani ya mafunjo, pembeni, tukasimama tumeshikana. Kiboko akatoka. Alitoka kama jiwe lililobadili nia, maji yakimtiririka mgongoni na jua likiwaka ndani ya yale maji, akapita mahali mkaza mwanangu alipokuwa amekaa, akanuka matope na nyasi za jana, akaenda zake bila kututazama. Nyuma yake, ziwani, fimbo yetu ilikuwa inaelea kwenda zake pia. Ngege alikuwa akiivuta, na kile kipande chekundu kikiitangulia, moja kwa moja kuelekea jua lilikokuwa likiingia majini. Mungu anisamehe, ilikuwa nzuri kutazama.

Tulirudi nyumbani kwa njia ya juu. Hakulia. Njiani nikagundua kwamba sisikii miguu yake. Alikuwa ametembea nyuma yangu muda wote bila kukanyaga.

Baada ya hapo hakutaka kwenda. "Labda mimi si mtu wa maji, Mama," alisema, akaendelea kupepeta mtama. Sikumbembeleza. Kumbembeleza mtu mzima sijui.

Habari ufuoni husafiri. Yule mwenye mashua akasikia kwamba mkaza mwanangu alikoswa na kiboko na kwamba ndoano imemshinda. Mchana mmoja akaja kijana wa boda boda akatua beseni langoni, limefunikwa kwa leso mpya. Ndani omena wakavu, weupe, wamechaguliwa, hadi pomoni. "Mzee amesema ni zawadi ya mama watoto," akasema. "Jioni atapita kuwasalimia."

Sote tulielewa. Beseni likiingia nyumbani, naye ameingia.

Watoto walikaa wakalizunguka. Mke mwenzangu naye akainama akanusa. "Omena hawana kosa lolote," akasema. "Tuwale, halafu yeye tumfukuze."

"Utamfukuza kwa mdomo upi?" nikamuuliza. "Huo wenye omena?"

Mkaza mwanangu alisimama akitazama lile beseni kama alivyokuwa akitazama ziwa mwanzoni. "Mama, unasemaje?"

"Mimi sikutumiwa beseni."

Nilisema hivyo kwa ukali, na sikugeuza uso. Aliinama, akalifunika vizuri kwa ile leso, akaisawazisha pembe zake, kisha akaenda ukutani akachukua fimbo yangu ya zamani, ya kuvulia, ambayo ina uzi na ndoano na haina cha kuelea. Akachukua kopo la nyungunyungu. Akaenda.

Boma letu liko mahali palipoinuka kidogo, na ukikaa chini ya ukuta wa jiko unaona ukingo wote. Nilikaa pale na sinia la maharagwe. Nilimwona akiufikia mlango wa kiboko, akiutazama, akiupita. Akaenda mbele hadi kwenye mawe. Akainama akakanda matope. Akakaa. Uzi hakuutupa mbali, aliuteremsha tu, kama mtu anayemlaza mtoto. Jua lilikuwa mbele yake, na kivuli chake kimelala nyuma kwenye nyasi, kikinielekea mimi.

Maharagwe sikumaliza kuyachagua. Mchana ulikuwa mzito, ziwa limelala, mbingu imeingia ndani yake, na yule ndege anayesimama hewani kabla ya kujitupa majini alikuwa amesimama tu, hajitupi. Nadhani nilisinzia. Bibi yangu alikuja na kikapu chake, nguo zimefunguka juu ya maji, akaniambia jambo ambalo nilipofumbua macho halikuwepo tena. Nilipotazama kwenye mawe niliona mtu ameketi vile vile, na kwa kitambo sikujua ni yupi kati yao. Kisha mkono ukainuka, si kwa haraka. Kitu kikang'aa mwishoni mwa uzi, kikatupwa nyasini. Mkono ukarudi kwenye kopo.

Alirudi jua likiwa limeshuka, ngege wamepangwa kwenye utepe wa funjo uliopitishwa mashavuni mwao. Wengine wakubwa kuliko kiganja changu. Akawaweka miguuni pangu. Mikono yake ilinuka ziwa.

"Ulijuaje?" nikamuuliza. "Hakukuwa na kitu cha kukutetemekea."

"Nilishika uzi kwa kidole, Mama. Wale wadogo wakadonoa, nikanyamaza. Nikangoja mpaka aage. Utajua, ulisema. Nimejua."

Mke mwenzangu akapiga kigelegele hadi mbwa wakaamka. Na katikati ya kigelegele hicho tukasikia pikipiki ikipanda barabara ya kwetu, polepole, kama mtu ambaye ana hakika anangojewa. Wote walinitazama, watoto, mke mwenzangu, na mkaza mwanangu ambaye bado alikuwa amesimama na matope mikononi. Yeye alikuwa ameshaamua toka mchana. Kazi yangu ilikuwa kulisema kwa sauti, maana boma ni langu.

Nikainuka, nikawaambia hivi: "Hilo beseni litolewe nje ya lango na leso yake, mtu asionje hata omena mmoja. Bwana akifika, apewe kilicho chake akiwa huko huko nje, na asiletewe kiti. Watoto, leteni sufuria kubwa. Na wewe, mke mwenzangu, nenda kalete ile patipati iliyobaki, tukate cha kuelea sasa hivi."